MWAMBA NGOMA NGOZI HUIVUTIA KWAKE
(Somo juu ya uaminifu na upendeleo katika sayansi na katika dini)

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Katika toleo hili nimeombwa na mhariri niandike somo litakalowafaa wale wa masomo ya sayansi na wale wa masomo ya dini. Nilikuna kichwa kwa siku mbili. Mwishowe nikaona afadhali nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nyani haoni kundule, na mimi sitaki kuwa nyani huyo.

UTANGULIZI: MAKOSA YANGU MAWILI

Kosa la kwanza nililitenda maabarani nikiwa Kidato cha Tatu. Tulipewa kazi ya pendulamu, yaani kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi kikabembea huku na huku. Kazi ilikuwa kupima muda wa mibembeo 20, kubadilisha urefu wa uzi, kuchora grafu, kisha kutafuta mchapuko wa uvutano wa dunia. Kila mtu anajua jibu ni kama 9.8. Sisi tulipata 10.9! Tukatazamana. Muda ulikuwa unakwisha na kengele ya chakula cha mchana ilikuwa karibu. Basi tukafanya nini? Tukapika. Tulianza na jibu tulilolitaka, tukarudi nyuma, tukajaza jedwali tarakimu zinazolifikia. Grafu ikatoka nyoofu kama rula.

Mwalimu aliitazama grafu hiyo, akacheka. "Nukta zote sita zimelala juu ya mstari? Mikono yenu haitetemeki kama ya wanadamu wengine?" Kisha akatuambia turudie mbele yake. Kumbe tulipoachilia pendulamu tulikuwa tunasema "moja" papo hapo, badala ya "sifuri". Kwa hivyo tulipofika 20 ilikuwa imebembea mara 19 tu. Ukikokotoa utaona kwamba kosa hilo hasa ndilo linalogeuza 9.8 kuwa 10.9. Mwalimu akasema neno ambalo sijalisahau: "Mngeniletea 10.9 yenu, ningewafundisha kuhesabu. Mmeniletea 9.8 ya uongo, hakuna ningeloweza kuwafundisha."

Kosa la pili nililitenda katika kikundi chetu cha maombi, muhula uo huo. Nilisimama kutoa ushuhuda kwamba nilikuwa na maumivu makali ya kichwa, nikaombewa, nikapona usiku ule ule. Watu wakapiga makofi na kuimba. Nilichokiacha ni vidonge viwili nilivyopewa na metroni saa moja kabla ya maombi. Je, nilidanganya? Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Lakini nilijua nilichokifunika.

Makosa haya mawili ni mtu na ndugu yake. Moja lilivaa koti jeupe la maabara, la pili lilishika kitabu kitakatifu, lakini moyo uliyoyatenda ni mmoja. Hilo ndilo somo letu la leo.

MAANA YA MANENO

Kabla ya kuendelea, hebu tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Udanganyifu ni kujua ukweli na kuugeuza kwa makusudi. Anayepika matokeo ni mdanganyifu.

Upendeleo, kwa maana ya makala haya, si ule wa kiranja kumgawia rafiki yake nyama nyingi. Ni mvuto wa moyo unaomfanya mtu aone anachotamani kukiona, asikie anachopenda kukisikia, akumbuke kinachomfaa na asahau kinachomkera. Mwenye upendeleo huu anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Hajui kwamba anavuta. Ndiyo maana wahenga wakasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mwizi. Walisema tu kwamba mikono yake iko upande wake.

Mdanganyifu anaweza kukamatwa na mwenziwe. Mwenye upendeleo ni vigumu zaidi, kwa kuwa anajiamini, na wanaopenda lile analolipenda humwamini pia. Vitu hivi viwili vikikutana, udanganyifu wa mmoja na upendeleo wa wengi, madhara yake hudumu miaka mingi. Tutazame mfano.

FUVU LA PILTDOWN

Mnamo Desemba 1912, katika mkutano wa wanajiolojia mjini London, wakili mmoja aliyependa kuchimba vitu vya kale, Charles Dawson, pamoja na mtaalamu wa makumbusho, Arthur Smith Woodward, walionyesha vipande vya fuvu vilivyopatikana kwenye changarawe mahali paitwapo Piltdown, kusini mwa Uingereza. Fuvu lilikuwa kubwa kama la binadamu wa leo, lakini utaya wake ulikuwa kama wa nyani. Wakasema: huyu hapa ndiye babu yetu wa kale!

Wataalamu wengi wa Uingereza walifurahi sana. Kwa nini? Kwanza, Wajerumani walikuwa tayari na utaya wa kale uliopatikana mwaka 1907 karibu na Heidelberg, na Wafaransa walikuwa na mifupa yao, lakini Waingereza hawakuwa na kitu. Pili, mabingwa wengi waliamini kwamba ubongo wa binadamu ulikua kwanza, mambo mengine yakafuata. Fuvu la Piltdown lilisema hivyo hivyo. Moyo ukashangilia, na jicho likalala. Waliotia shaka walikuwepo tangu mwanzo, wakisema kwamba fuvu ni la mtu na utaya ni wa nyani, havihusiani. Lakini sauti zao zilizama. Tena mifupa yenyewe ilifungiwa, na wataalamu wengi walilazimika kutumia nakala za plasta.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi Waafrika. Mwaka 1924, huko Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto mdogo wa kiumbe wa kale. Profesa Raymond Dart wa Johannesburg alilichunguza, na mwaka 1925 akatangaza kwamba ni kiumbe aliye kati ya nyani na binadamu. Ubongo wake ulikuwa mdogo, lakini meno yake yalifanana na ya binadamu, na dalili zilionyesha kwamba alitembea wima. Charles Darwin mwenyewe alikuwa amebashiri mwaka 1871 kwamba yaelekea asili ya binadamu iko Afrika. Je, wakubwa wa London walimpokea Dart kwa shangwe? Wapi! Walisema ni mtoto wa nyani tu. Fuvu lake lilisema kinyume cha lile la Piltdown. Basi fuvu la kweli kutoka Afrika likawekwa kando zaidi ya miaka 20, na la bandia kutoka Uingereza likakaa kwenye kiti cha heshima.

Njia ya mwongo ni fupi, ingawa mara nyingine huchukua miaka 41. Mfupa ukikaa ardhini hufyonza florini kutoka kwa maji, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kufyonza. Kenneth Oakley alitumia kipimo hicho, na mnamo Novemba 1953 yeye na wenzake, Joseph Weiner na Wilfrid Le Gros Clark, wakatangaza ukweli. Fuvu lilikuwa la binadamu wa kawaida. Utaya ulikuwa wa orangutani, nyani mkubwa wa Asia. Meno yalikuwa yamepigwa tupa ili yafanane na ya mtu, na mifupa ilikuwa imetiwa rangi ili ionekane ya kale. Alama za tupa zilikuwepo muda wote huo. Hazikuonekana kwa sababu hakuna aliyetaka kuziona. Dawson alikuwa amefariki tangu 1916, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulimnyoshea kidole yeye.

Lakini msidhani hadithi hii ni ya aibu tupu. Kulikuwa na Sir Arthur Keith, mmoja wa mabingwa waliompinga Dart kwa nguvu. Mwaka 1947, akiwa mzee wa miaka 81, aliandika katika jarida la sayansi kwamba Dart ndiye aliyekuwa sahihi na yeye ndiye aliyekosea. Hebu fikiri! Mtu mwenye cheo na sifa, aliyekuwa na miaka michache tu ya kuishi, angeweza kunyamaza. Mimi nikikosolewa kisarufi darasani hununa hadi jioni.

HATA HAPA KWETU

Tusicheke ya Waingereza tukasahau ya nyumbani. Mwaka 1932 Louis Leakey, aliyezaliwa hapa Kenya, alitangaza kupatikana kwa kipande cha utaya huko Kanam, kando ya Ziwa Victoria. Alisema ni cha binadamu wa kale kupita wote. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikuja kupaona. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa. Vigingi vya chuma alivyovipigilia vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji, na picha aliyoitumia ikagunduliwa kuwa ya mahali pengine. Boswell alirudi akaandika yote aliyoyaona, na jina la Leakey likaingia doa.

Leakey hakuwa mwongo. Alikuwa kijana mwenye hamu. Hamu ilimfanya atangulize tangazo, na kumbukumbu zikabaki nyuma. Kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Leakey aliendelea na kazi, na mwaka 1959 mkewe Mary alipopata fuvu maarufu la Olduvai, Tanganyika, ulimwengu haukuweza kuwapuuza tena.

Na hata Galileo, shujaa wa vitabu vyetu vya fizikia? Tunajua kwamba mwaka 1633 alihukumiwa na mahakama ya Kanisa kwa kufundisha kwamba dunia hulizunguka jua, na kwamba mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba waliomhukumu walikosea. Tusilolijua wengi ni kwamba katika kitabu kile kile cha 1632, Galileo alidai kwamba maji kujaa na kupwa husababishwa na mwendo wa dunia, akalipuuza kabisa wazo kwamba mwezi unahusika. Alitamani sana bahari imshuhudie kwamba dunia inakwenda. Mvuvi wa Lamu, asiyejua kusoma hata herufi moja, angemwambia kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Lakini nani angemwuliza mvuvi?

KIPENDACHO MOYO NI DAWA

Hapa ndipo upendeleo unapogusa uhai. Mwaka 1990, wakati UKIMWI ulikuwa haujapata tiba ya kutegemewa, watafiti jijini Nairobi walitangaza dawa iitwayo Kemron. Wagonjwa walioitumia, ilisemekana, walipata nguvu na kuongeza uzito. Taifa zima lilijawa na fahari: Mwafrika ameishinda tauni! Watu walisafiri kutoka mbali kuitafuta. Tatizo lilikuwa moja. Wagonjwa hao hawakulinganishwa na wengine waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mgonjwa aliyepata tumaini hula vizuri, hulala vizuri, na husema "naona nafuu". Daktari anayetamani kumwona amepona, husikia neno hilo moja na kuliandika. Majaribio yenye ulinganisho yalipofanywa, likiwemo moja kubwa la Uganda lililochapishwa mwaka 2000, dawa hiyo haikuonyesha faida kuliko kidonge kitupu.

Miaka 21 baada ya Kemron, mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, alisema Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa ya mti inayotibu magonjwa sugu. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500 za Tanzania, bei isiyomtajirisha mtu kwa haraka. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, mengine yakitoka huku Kenya. Walioona nafuu walirudi wakasimulia, na habari zao zikaenea kama moto wa nyika. Wengine walifia njiani na kwenye foleni. Marehemu hasimulii.

Oneni basi: jambo la kwanza lilitoka maabarani, la pili lilitoka ndotoni. Lakini hesabu iliyotumika kuyapima ni ile ile: kuhesabu waliopona, kutowahesabu wasiopona. Sisemi kwamba watu hawa walikuwa matapeli. Yamkini waliamini kwa dhati. Ninachosema ni kwamba kuamini kwa dhati hakutoshi.

UAMINIFU NDANI YA DINI

Kuna wanaodhani kwamba uaminifu wa aina hii ni wa sayansi pekee, na kwamba mtu wa dini akiuliza maswali amepunguza imani. Sivyo. Nitatoa mifano miwili.

Katika Hadithi sahihi za Waislamu imesimuliwa kwamba siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume Muhammad (S.A.W.), jua lilipatwa. Watu wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa sababu ya msiba huo. Angalieni mahali alipokuwa. Ni baba aliyefiwa, na watu wanampa heshima kubwa kuliko zote. Angenyamaza tu, wengi wangezidi kuvutwa. Lakini aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Alikataa sifa ambayo haikuwa kweli. Mimi nilishindwa kukataa sifa ya vidonge viwili.

Mfano wa pili ni wa Wakristo. Mjini Torino, Italia, kuna sanda ambayo wengi huamini kwamba ndiyo aliyovikwa Yesu kaburini. Mwaka 1988 Kanisa liliruhusu vipande vyake vipimwe umri katika maabara tatu, za Uingereza, Uswisi na Marekani. Kila maabara ilipewa pia vitambaa vingine ambavyo umri wake ulijulikana, ili kupima ule upimaji wenyewe. Jibu lilikuwa kwamba kitambaa kilitengenezwa kati ya mwaka 1260 na 1390. Aliyetangaza habari hiyo mjini Torino alikuwa Kadinali Ballestrero, mlinzi wa sanda yenyewe. Wapo wanaoubishia upimaji huo hadi leo, na kubishana kwa hoja si dhambi. Lakini kadinali hakuificha karatasi ile chini ya mto.

Je, basi sayansi na dini ni kitu kimoja? La hasha. Kuna mambo ambayo hayapimwi kwa mizani: kwa nini tusamehe, kwa nini tuwatunze wazee, maisha ni ya nini. Hayo dini huyashughulikia. Lakini mtu akisema "kitambaa hiki kina umri huu" au "maji haya yanatibu ugonjwa ule", amelileta neno lake sokoni, na sokoni kuna mizani. Wala dini haina haja ya kuogopa mizani hiyo, kwa kuwa vitabu vyetu vitakatifu, vya Wakristo na vya Waislamu, vyote vinakataza mizani ya hila.

TUFANYEJE?

Upendeleo hauondoki kwa kuapa. Mwamba ngoma hawezi kuacha kuwa na mikono. Anachoweza ni kumwita mwenziwe ashike upande wa pili. Haya ndiyo niliyojifunza:

1. Andika ulichokiona kabla ya kuandika ulichokitarajia. 10.9 iandikwe 10.9.
2. Hesabu na yaliyokwenda kombo. Ukitaja maombi yaliyojibiwa au mgonjwa aliyepona, wataje na wengine.
3. Linganisha. Bila kundi la pili, hujui nafuu imetoka wapi.
4. Mwite anayekupinga akague kazi yako. Ibn al-Haytham, Mwislamu aliyeandika kitabu kikubwa cha elimu ya mwanga huko Misri karibu miaka 1,000 iliyopita, alifundisha kwamba mtafuta ukweli ayahoji maandishi ya wakubwa, kisha ajishuku na yeye mwenyewe.
5. Ukigundua umekosea, sema. Kumbuka mzee Keith.

TAMATI

Mnaweza kuniuliza, "Je, wewe ulikiri?" Kwa mwalimu sikuhitaji, alinikamata mwenyewe. Lakini katika kikundi cha maombi ilinichukua majuma matatu. Ijumaa moja nilisimama nikasema habari ya vidonge. Hakuna aliyepiga makofi. Kukawa kimya, na mmoja akanung'unika kwamba nimeharibu ibada. Nilikaa chini uso ukiwaka. Tulipotoka, msichana wa Kidato cha Pili alinifuata, akaniambia kwamba yeye huumwa kichwa mara kwa mara. Alikuwa ameacha kwenda kwa metroni kwa sababu ya ushuhuda wangu, akidhani imani yake ni haba.

Siku hiyo nikaelewa kwamba uongo wa nusu haukai kwa mwenyewe. Hutembea, ukaingia bweni la watu wengine.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya udanganyifu na upendeleo. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka maisha ya shuleni.
2. Kwa nini fuvu la Taung lilikataliwa na la Piltdown likakubaliwa? Taja sababu mbili.
3. "Marehemu hasimulii." Fafanua maana ya kauli hii ukirejelea makala.
4. Hesabu: ukipima muda wa mibembeo 19 ukidhani ni 20, thibitisha kwamba 9.8 itakuwa karibu 10.9. (Wa fizikia tu!)
5. Jadili darasani: je, mwandishi alifanya vyema kukiri mbele ya kikundi, au angemweleza kiongozi wake faraghani?